cpupower kwenye kompyuta ya mezani: jicho kali, mkono mfupi

Chukua boksi la ofisi la mtumba, zile OptiPlex na EliteDesk zinazopangwa madukani Kariakoo na Luthuli, lenye Core i5-6500. Weka Debian, fungua terminali, iite cpupower, programu ya Linux ya kutazama na kubadilisha kasi ya prosesa:

cpupower frequency-info

Jibu litasema draiva ni intel_pstate, kasi inaruhusiwa kati ya 800 MHz na 3.60 GHz, na gavana, yaani kanuni inayoamua kasi ipande au ishuke lini, ni powersave. Hapo ndipo wengi huteleza. Wanaona neno powersave, wanadhani mashine imefungiwa breki tangu kiwandani, wanakimbilia `sudo cpupower frequency-set -g performance`, kisha wanasimulia jinsi kompyuta ilivyokuwa nyepesi ghafla. Hakuna breki iliyofunguliwa. Chini ya intel_pstate, powersave siyo gavana mwenye jina hilo anayefahamika kwenye draiva ya zamani ya acpi-cpufreq. Yule wa zamani kweli huibana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa na kuiacha hapo. Huyu wa intel_pstate hupanda mpaka 3.6 kazi ikija na kushuka kazi ikiisha. Jina moja, tabia mbili, na cpupower yenyewe haikuonyi popote.

Kasoro hiyo ndiyo picha nzima ya programu hii. Inakuonyesha mambo mengi kwa usahihi, ila haikufafanulii hata moja.

cpupower ni ya bure na imo ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux wenyewe, kwenye folda ya tools/power, ikiwa mrithi wa cpufrequtils. Debian huiita linux-cpupower, Fedora iko ndani ya kernel-tools, Arch ni cpupower tu. Ubuntu ndiyo yenye vituko: unasakinisha linux-tools-common, unaita amri, inakujibu kwamba cpupower haikupatikana kwa kerneli uliyonayo. Kilichowekwa ni ganda tu. Programu halisi imefungwa kwa toleo la kerneli. Sakinisha linux-tools-generic pia, ili kerneli ikisasishwa vifaa vyake visasishwe pamoja nayo. Ukiweka kifurushi cha toleo moja pekee, mwezi ujao utarudi kwenye ujumbe ule ule.

Tuanze na jicho, yaani amri za kutazama, maana ndilo linalostahili sifa. frequency-info ina tabia ya kukusomea kori moja tu. Ukitaka zote andika `cpupower -c all frequency-info`. Ukiiendesha bila sudo, mstari wa kasi ya sasa unaweza kusema imeshindwa kuuliza maunzi, kisha chini yake ikupe namba iliyopewa na kerneli. Hilo si tatizo la mashine. Ila namba moja ya papo hapo haina maana kubwa: kitendo cha kuiuliza prosesa kasi yake kinaiamsha, na mtu aliyeamshwa usimhukumu kwa jinsi alivyolala. Tumia:

sudo cpupower monitor -i 5

Hii hupima kwa sekunde tano, kisha inatoa jedwali. Safu ya C0 ni asilimia ya muda ambao kori ilikuwa macho, Cx ni muda iliokuwa usingizini, na Freq ni wastani wa kasi ilipokuwa macho tu. Soma C0 kabla ya Freq. Kori inayoonyesha 3.4 GHz huku C0 ikiwa 0.6 haifanyi lolote la kutisha. Imeamka, imekimbia, imelala tena. Watu huona zile 3.4 kwenye mashine iliyotulia, wanapiga kelele kwamba umeme unaliwa. Kori ikiwa kwenye usingizi mzito saa yake imesimama, na kwenye C6, moja ya ngazi za usingizi huo, hata umeme wake hukatwa, kwa hiyo kubishana iwe 800 MHz au 3.4 GHz wakati huo ni kubishana kuhusu mwendo wa gari lililoegeshwa.

Monitor inaishia hapo. Kuhusu wati, haikuambii. Kwa hilo kuna turbostat, ambayo Debian huileta ndani ya kifurushi hicho hicho:

sudo modprobe msr
sudo turbostat --quiet --show Busy%,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt --interval 5

PkgWatt ni umeme wa prosesa peke yake kwa hesabu ya vihesabio vyake vya ndani. Hauhesabu diski, ubao mama, wala hasara ya pawa saplai. Ukitaka kujua unacholipia, nunua kipimo cha kuchomeka ukutani, kisha linganisha namba mbili hizo. Mara nyingi utagundua kwamba prosesa iliyotulia si mlaji mkubwa kwenye boksi.

Sasa mkono, yaani amri za kubadilisha. frequency-set ina vitufe vinne vya maana: -g kwa gavana, -d kwa kikomo cha chini, -u kwa kikomo cha juu, na -f kwa kasi maalumu. Hiyo -f haifanyi kazi bila gavana wa userspace, ambaye intel_pstate katika hali yake ya active haina. -d kwenye mezani ni kupoteza muda kwa sababu ile ya gari lililoegeshwa. Kinachobaki na faida halisi ni -u.

Sababu iko kwenye fizikia, si kwenye programu. Umeme unaoliwa na prosesa ikifanya kazi hufuata volti mara volti mara kasi. Kasi inapopanda kuelekea kilele cha turbo, ile kasi ya ziada juu ya kasi ya msingi, volti lazima ipande nayo, na volti inahesabiwa mara mbili. Tuseme prosesa inahitaji volti 1.35 kwa 4.2 GHz na volti 1.10 kwa 3.6 GHz. Kasi imepungua kwa asilimia 14. Umeme wa kazi unabaki asilimia 57 hivi ya ule wa mwanzo. Hakuna gavana yeyote atakayekupa biashara kama hiyo. Joto linapungua, feni inanyamaza, na UPS ndogo iliyo chini ya meza inapata nafuu umeme ukikatika katikati ya kazi nzito.

Kwa i5-6500, kasi ya msingi ni 3.2 GHz, kwa hiyo:

sudo cpupower frequency-set -u 3.2GHz

Kori moja ikifanya kazi peke yake unapoteza asilimia 11, kutoka 3.6. Kori zote nne zikiwa kazini, turbo yake hufika 3.3 tu, kwa hiyo unapoteza asilimia 3. Kwenye chipu hii nafuu ya umeme nayo ni ya kiasi, maana turbo yake ni ya unyenyekevu na TDP, kiwango cha umeme na joto ilichosanifiwa nacho, ni wati 65. Faida inanenepa kadiri pengo kati ya kasi ya msingi na turbo linavyotanuka, yaani kwenye prosesa mpya zaidi.

Angalia kipimo unachoandika. Namba isiyo na kipimo huhesabiwa kuwa kilohezi. Ukiandika `-u 3200` ukidhani ni megahezi, umeomba 3.2 MHz, kerneli itakubana kwenye sakafu ya 800 MHz na mashine itatambaa kama imerogwa. Hakuna onyo. Na usiache nafasi kati ya namba na kipimo: 3.2GHz, siyo 3.2 GHz.

Ukitaka kugusa jambo ambalo prosesa yenyewe inalisikiliza, acha gavana, shika EPP, yaani upendeleo kati ya kasi na kubana umeme. Tangu Skylake ya mwaka 2015, Intel iliipa prosesa uwezo wa kujichagulia kasi bila kusubiri mfumo wa uendeshaji. Linux inachofanya ni kuipa mwelekeo: performance, balance_performance, balance_power au power. Matoleo mapya ya cpupower yana njia ya moja kwa moja:

sudo cpupower set --epp balance_power

Kwenye matoleo ya zamani andika neno hilo kwenye faili la energy_performance_preference la kila kori, ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/ na wenzake. Ikikataa kwa kusema kifaa kina shughuli, tazama gavana. Akiwa performance, mlango wa EPP umefungwa kwa makusudi. Mrudishe powersave kwanza. Yule aliyekimbilia -g performance asubuhi ndiye anayekwama hapa jioni.

Upande wa AMD mambo yana kona zake. Ryzen 5 3600 ikiwa chini ya acpi-cpufreq inaonyesha hatua tatu tu: 3.6, 2.8 na 2.2 GHz. Turbo haina hatua yake. Imefichwa juu ya ile ya 3.6. Kwa hiyo -u 3.6GHz haizuii turbo hata kidogo, prosesa itaendelea kuruka mpaka 4.2, na -u 2.8GHz inakata kupita kiasi. Hapa -u haina msaada. Zima turbo kwa faili lake:

echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost

Dawa bora ni kubadilisha draiva. amd-pstate iliingia kwenye kerneli 5.17 mwaka 2022, na hali ya active ikaongezwa kwenye 6.3 mwaka 2023. Badala ya hatua tatu unapata mteremko laini, EPP, na kikomo cha -u kinachoheshimiwa. Prosesa za zamani kidogo kama hiyo 3600 zinaweza kubaki kwenye acpi-cpufreq mpaka uombe: ongeza amd_pstate=active kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha `sudo update-grub`, washa upya. Kama frequency-info bado inasema acpi-cpufreq, ingia BIOS utafute CPPC, njia ambayo draiva hii huitumia kuelewana na prosesa kuhusu kasi, mara nyingi chini ya AMD CBS. Ikiwa imezimwa, draiva haina pa kushika. Debian 12 hutumia kerneli 6.1, kwa hiyo usiitafute active huko. Debian 13 inayo.

Na ujumbe kwamba hakuna draiva kabisa? Kama uko ndani ya mashine pepe, ni kawaida, mwenye nyumba ndiye anayeshika kasi. Kama ni boksi halisi, huenda mtu kazima SpeedStep, uwezo wa prosesa ya Intel wa kubadili kasi. Kwenye Dell iko kwenye sehemu ya Performance pamoja na C-States Control na TurboBoost. Kwenye HP tafuta Runtime Power Management. Mashine zilizotoka kwenye ofisi kubwa huja na mipangilio ya mwenye mali wa kwanza, kwa hiyo rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya kulaumu Linux.

Amri isiyosifiwa inavyostahili ni idle-set. `cpupower idle-info` kwenye i5-6500 huorodhesha ngazi za usingizi: POLL, C1, C1E, C3, C6, C7s, C8, kila moja na muda wa kuamka kwa mikrosekunde. C1 ni 2, C1E ni 10, kisha namba zinaruka: C3 ni 70, C8 ni 200. Kwa kazi ya kawaida huna sababu ya kugusa. Ila kama unarekodi sauti na zinasikika kwaru-kwaru kila mashine inapotulia, jaribu:

sudo cpupower idle-set -D 20

Hiyo inazima ngazi zote zenye kuchelewa kwa mikrosekunde 20 na zaidi, yaani C3 kwenda chini. Kelele zikiisha, umempata mhalifu. Zisipoisha, tatizo ni draiva ya sauti au ukubwa wa bafa. `idle-set -E` inarudisha zote. Usiache -D ikae siku nzima kwa mazoea, maana sasa kori hazilali vizuri, na hapo kweli umeme wa mashine iliyotulia unapanda. Wenye Ryzen za kizazi cha kwanza zinazoganda zikiachwa bila kazi wasihangaike na idle-set: kwenye BIOS kuna Power Supply Idle Control, iweke Typical Current Idle. Baadhi ya pawa saplai hazikuweza kuvumilia mkondo mdogo mno wa prosesa hizo zikilala.

Malalamiko ya kawaida kuliko yote ni kwamba mipangilio inajibadilisha. Kuna mambo mawili tofauti hapa. La kwanza, cpupower haihifadhi kitu. Ukiwasha upya, yote yamefutika. Arch ina huduma yake tayari. Kwenye Debian tengeneza faili /etc/systemd/system/kasi.service:

[Unit]
Description=Kikomo cha kasi ya prosesa

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/cpupower frequency-set -u 3.2GHz

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha `sudo systemctl enable --now kasi.service`. La pili, power-profiles-daemon ya GNOME na KDE, au tuned ambayo Fedora iliiweka mahali pake kuanzia toleo la 41, inashika gavana na EPP hizo hizo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukibonyeza kitufe cha hali ya umeme kwenye menyu, ulichoweka kwa cpupower upande wa EPP kinafunikwa. Amua: ama uiache power-profiles-daemon iongoze EPP nawe ubaki na -u tu, au uizime kwa `sudo systemctl mask --now power-profiles-daemon`. Kwa mtu asiyependa terminali, `powerprofilesctl set power-saver` au kile kitufe cha menyu kinamtosha kabisa na hahitaji cpupower. TLP na auto-cpufreq, programu nyingine za kusimamia umeme, zimelengwa zaidi kompyuta za mapajani. Kwenye mezani zinaongeza bwana wa tatu zizini.

Walio kwenye Windows wana mbinu inayokaribiana na -u: weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100, turbo inazimika.

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current

Je, bili? Tupige hesabu bila kujidanganya. Ukiokoa wati 10 kwa saa 10 kila siku, mwezi mzima ni uniti 3 za LUKU au tokeni. Hizo wati 10 utazipata kwa -u ikiwa prosesa ina kazi nzito muda mwingi: kuchakata video, kukusanya programu kutoka msimbo (compile), michezo. Kwa anayeandika barua na kufungua kivinjari, prosesa imelala muda mwingi na cpupower haina kikubwa cha kukata. Kuizima mashine ukienda chakula cha mchana, au kuilaza kwa `systemctl suspend`, kunashinda mipangilio yote iliyotajwa hapa.

Imebaki hali moja inayowachanganya hata mafundi. frequency-info inasema kikomo ni 3.6, gavana yuko sawa, lakini monitor inaonyesha kori zote ziko chini hata ya ile 3.3 ya turbo ya kori nne, huku C0 ikiwa 99. Hapo maunzi yamekataa amri. Soma joto kwenye PkgTmp ya turbostat: i5-6500 hujipunguza yenyewe ikikaribia nyuzi 100. Kwenye Intel kuna pia ushahidi ulioandikwa:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count

Namba ikipanda unapoisoma mara mbili mashine ikiwa kazini, fungua boksi. Puliza vumbi kwenye hitisinki, futa pesti iliyokauka kwa spiriti, weka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya njegere, na hakikisha skrubu nne zimekazwa kwa mshazari.

Ikiwa joto liko chini, tuseme nyuzi 45, na kasi imeganda 800 MHz hata prosesa ikielemewa, angalia adapta. Vikompyuta vidogo vya Dell vya aina ya Micro, vyenye chipu kama i5-6500T, huuliza adapta kitambulisho chake kupitia pini ya katikati. Adapta ya bandia, au halisi iliyokatika ule uzi mwembamba wa katikati, haijibu. Mashine inawaka, inatoa onyo la haraka wakati wa kuwasha ambalo wengi hulipita, kisha inajifungia kwenye kasi ya chini ili isivute umeme ambao adapta huenda haina. cpupower haitaliona hilo wala haitalitibu. Azima adapta halisi ya wati 65 inayotambulika, washa upya, rudia `cpupower monitor -i 5`. Kasi ikirudi 2.5 na kuendelea, hukuwa na tatizo la prosesa wala la Linux.